Opsheni Yako Ina Faida? Usisubiri Ijumaa Usiku

Mkazi wa Isaka anayetaka opsheni ya hisa za kampuni zinazochimba dhahabu ya huku kwetu haipati Dar es Salaam. Anaifuata New York, zinakouzwa hisa za AngloGold Ashanti wenye mgodi wa Geita na Barrick wa Bulyanhulu. Shida huanza Ijumaa ya mwisho wa mkataba: faida inaonekana kwenye simu, mwenyewe anaamini imeshaingia mfukoni.

Haijaingia. Tuseme opsheni yako inakupa haki ya kununua hisa 100 kwa dola 40 kila moja, na sokoni zimefika 43. Faida ni dola 300, kabla ya kutoa ulicholipia opsheni. Ukikaa kimya, OCC, taasisi inayokamilisha malipo ya opsheni zote za masoko ya Marekani, huitekeleza yenyewe. Faida ya senti 1 kwa hisa inatosha. Maana yake utakatwa dola 4,000 na kupewa hisa 100. Huna dola hizo? Madalali wengi huiuza opsheni yako saa chache kabla soko halijafungwa, kwa bei watakayoikuta. Mawakala wa bandari kavu ya Isaka wanaijua hali hii: siku za bure zikiisha, tozo ya kontena haiulizi kama mteja amepata fedha.

Kwa mwenye mtaji mdogo mimi naona njia ni moja: uza opsheni yenyewe, tena ikiwezekana Alhamisi, ingali na wanunuzi. Kuitekeleza kunamfaa anayezitaka hisa na mwenye fedha taslimu. Naye ajue kwamba bei ya dhahabu ikianguka wikiendi, hisa alizozichukua kwa 40 zinaweza kufungua Jumatatu kwa 38.

Soko hufungwa saa 10 jioni ya New York. Kwetu ni saa 5 usiku, na kuanzia Novemba hadi Machi, saa 6 usiku. Wengi huwa wamelala.

Opsheni uliyopewa na mwajiri ni jambo jingine kabisa. Huko OCC haihusiki. Usipoitekeleza kwa wakati inaweza kufa na faida yake yote. Itafute barua ya mgawo, usome tarehe ya mwisho. Ukiacha kazi, tarehe hiyo mara nyingi husogezwa karibu, kwa hiyo waulize watu wa utumishi kabla hujawasilisha barua ya kuacha kazi.