Jifunze Kaunti Yako: Kutoka Kilifi Hadi Malindi, Kituo kwa Kituo

Kutoka mji wa Kilifi hadi Malindi ni kama kilomita 60. Msafiri akipita moja kwa moja, mkazi wa kando ya barabara haambulii kitu. Akisimama, hununua chakula, hulipa mtembezaji na huenda akalala. Somo hili linaeleza kinachomsimamisha, na namna ya kukitunza.

Kilifi mjini
Safari huanza kwa mahamri na mbaazi. Wachuuzi huuza korosho, mabuyu na madafu. Mkorosho mmoja huzaa kwa miaka mingi. Ukikatwa kwa ajili ya makaa, huuzwa mara moja tu.

Msitu wa Arabuko-Sokoke
Ukielekea Malindi, msitu huu uko mkono wa kushoto. Una ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba, na ndani yake wamo ndovu, bundi mdogo wa Sokoke, na sange mwenye rangi ya dhahabu makalioni, ambaye ni nadra sana kwingineko duniani. Tangu 1993, wakulima wa kandokando wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa nchi za nje kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede. Vipepeo hao hutegemea miti ya msituni: msitu ukiisha, biashara nayo imekwisha.

Mida na Dabaso
Maji yakipwa, ndege waliohama kutoka Ulaya na Asia hushuka kwenye matope kutafuta chakula. Huo ndio wakati mzuri wa kuwatazama. Dabaso, mgeni hula sambusa za kaa huku akitazama mikoko. Kaa huyo hukulia kwenye mikoko hiyo hiyo, na samaki wengi huanzia maisha yao hapo.

Gede
Magofu ya Gede yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Kima wa hapa wamezoea watu. Wasilishwe: kima aliyezoea ndizi ya mgeni hujifunza kupora, na baadaye huvamia mashamba na majiko ya majirani.

Watamu
Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa mwaka 1968. Usiku, kasa hupanda ufuoni kutaga, na mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Vitoto hufuata mwangaza wa bahari. Taa kali za ufuoni huwapoteza njia. Kumuua kasa, au kuuza nyama au mayai yake, ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013.

Ya kuzingatia
• Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Mchuuzi afunge korosho kwa karatasi.
• Mwenye nyumba ufuoni azime au afunike taa zinazoelekea baharini.
• Mvuvi akimnasa kasa kwa bahati mbaya, awaarifu wahifadhi.

Maswali ya kujadiliwa kikundini
1. Ni kituo gani kilicho karibu na kijiji chenu, na nani hunufaika nacho?
2. Mikoko ikikatwa, ni chakula gani kitakachopotea kwanza mezani?
3. Kikundi chenu kinaweza kuwauzia wasafiri nini bila kukata mti wala kumsumbua mnyama?