Jioni za Binti wa Miaka Mitano

*Shangazi, mimi na mume wangu tunaishi Riruta na sote wawili tunafanya kazi mjini. Binti yetu ametimiza miaka mitano na yuko PP2 katika shule ndogo ya kibinafsi upande wa Lavington. Tuliipenda kwa udogo wake: watoto hawafiki mia moja, na mwalimu mkuu anamjua kila mmoja kwa jina. Muhula huu wameanzisha madarasa ya ziada baada ya masomo. Jumatatu ni sataranji, Jumanne baleti, Jumatano kompyuta, Alhamisi kinanda na Ijumaa Kifaransa. Kila darasa lina malipo yake, mbali na karo. Tulimwandikisha yote matano kwa sababu karibu wenzake wote wameandikishwa. Sasa anasinzia kwenye basi la shule, chakula cha jioni hakigusi, na kila usiku ananiuliza, "Mama, kesho ni siku ya nini?" Nikimwambia ni ya kinanda, ananyamaza. Baba yake anasema tukimtoa ataachwa nyuma. Mimi sina hakika. Halafu dada aliyekuwa akitusaidia nyumbani alirudi kwao mwezi uliopita. Basi humshusha mtoto kwa jirani saa kumi na mbili, nasi hatufiki kabla ya saa moja. Je, nimtoe, au nimwache azoee?*

*Mama Aliyechoka, Riruta*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, kwani mara ya kwanza nilidhani yauliza juu ya elimu, na mara ya pili nikabaini kuwa maneno yaliyobeba mzigo wote ni yale uliyoyachomeka karibu na mwisho kana kwamba hayana uzito: kwamba dada wa nyumbani amerudi kwao, nanyi hamfiki kabla ya saa moja. Maswali mawili yamevaa kanzu moja. La kwanza ni mtoto afundishwe nini, na la pili ni mtoto akae na nani. Na maadamu hayajatenganishwa, wewe na mwenzio mtabishana juu ya kinanda usiku kucha ilhali shida yenu haipo kwenye kinanda.

Nianze na hofu ya baba yake, ambayo siidharau hata kidogo. Kizazi chenu kilisoma chini ya kivuli cha KCPE, mtihani ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, uliowapanga watoto wa nchi nzima kwa alama, hata aliyepungukiwa na chache tu akauona mlango wa shule aliyoitamani ukifungwa mbele ya macho yake. Na mtu aliyelelewa namna hiyo, amwonapo mwenziwe akikimbia, naye hutimua mbio kabla ya kuuliza mbio zaelekea wapi. Lakini binti yenu yuko PP2, katika mtaala wa umilisi, wala kwa umri wake hakuna mtihani wowote wa kumweka mbele au nyuma ya mtu. Muulize mumeo kwa upole, tena wakati ambao hamjakasirika: aachwe nyuma ya nani, na katika safari ipi? Ikiwa jibu litakuwa ni mtoto wa jirani, basi mnamlipia jirani karo ya pili.

Wala usinidhanie kuwa nayachukia mambo yenyewe. Muziki ni neema, na sataranji ni mchezo wenye murua uliofika kwetu kwa njia ya Waarabu pamoja na jina lake. Tena wako waliofika mbali kwa mchezo huo. Katika mtaa wa kimaskini wa Katwe, mjini Kampala, msichana aitwaye Phiona Mutesi, akiwa na umri wa miaka kama tisa, alimfuata nduguye mpaka mahali ambapo Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto sataranji, na baada ya miaka michache akaiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia. Kisa chake kikatengenezewa filamu mwaka 2016. Watu wengi wakikisimulia kisa hicho hutaja vikombe na safari za ng'ambo. Mimi hukumbuka uji, kwa sababu kilichomvuta yule mtoto siku za mwanzo, kabla hajamjua mfalme wala askari wa ubaoni, kilikuwa ni uji waliokuwa wakigawiwa watoto pale. Tumbo lilitangulia, na mtu mzima aliyempokea kwa taadhima alitangulia; ilimu ikafuata nyuma kwa hiari yake.

Sasa tazama ratiba ya binti yako kwa jicho hilo. Ni siku tano zenye mambo matano na, bila shaka, walimu watano, kila mmoja akianza upya na mtoto ambaye tangu asubuhi amekwisha kuketi, kusimama, kupanga foleni na kutii. Daktari Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, na ambaye nasikia jina lake limetundikwa kwenye malango mengi ya shule za huko kwenu magharibi mwa Nairobi, alistaajabu siku moja kukiona kitoto cha miaka mitatu hivi kikitia vipande vya mbao katika matundu yake na kuvitoa, kisha kuvitia tena, zaidi ya mara arubaini bila kuchoka. Akajifunza kuwa mtoto aliyezama katika kazi yake hana haja ya kutafutiwa nyingine. Wako hapati nafasi ya kuzama. Akianza kumjua farasi wa sataranji Jumatatu, hakutani naye tena ila baada ya baleti, kompyuta, kinanda na Kifaransa. Mchovu wa namna hiyo hazoei, mwanangu. Hunyamaza tu, kama alivyonyamaza wako, nasi wakubwa huona amezoea.

Tuje kwenye swali la pili, ambalo ndilo la kweli. Mimi nilikulia Mji wa Kale, Mombasa, ambako baina ya alasiri na magharibi, tukisha kutoka chuoni, mtoto hakuwa na ratiba yoyote bali alikuwa na macho ya watu juu yake: bibi aliyeketi barazani, fundi cherehani mlangoni pake, muuza kashata pembeni mwa njia, na kila mmoja wao alikuwa na idhini ya kumkemea, kumfuta kamasi na kumrudisha kwao. Saa hizo hazikuwa na bei. Nairobi zina bei, nanyi mnazinunua, kwa sababu wakati huo nyote wawili mko kwenye msongamano wa Ngong Road mkihesabu taa za magari yaliyo mbele yenu. Hakuna aibu katika hilo. Mnachonunua hasa ni ulezi, na shule, kwa vile haioni vyema kuandika kwenye risiti kuwa imekaa na mtoto, huandika baleti. Basi nunueni mkijua mnachonunua, na mkichagua, chagueni kama wachaguavyo watu mlezi: yafaa mtazame moyo wa mtu kwanza, kisha somo lake.

Nasaha yangu ni hii. Mosi, mbakishieni darasa moja, na msimuulize alipendalo, kwani atajibu lile adhanilo mnalipenda ninyi. Mchungulieni Jumamosi akiwa peke yake. Akizunguka kwa ncha za vidole kati ya jikoni na sebule bila kuombwa, ni baleti. Akipiga vidole mezani huku akiimba, ni kinanda. Asipofanya lolote, mpumzisheni muhula mmoja, kisha mtazame tena.

Pili, nenda kwa mwalimu mkuu, yule amjuaye kila mtoto kwa jina, umwombe jambo dogo ambalo shule ndogo yaliweza kuliko kubwa: kwamba jioni zilizobaki watoto wasio na darasa wapewe mkeka, mchanga, vitabu vya picha, kikombe cha uji na mlezi mmoja mwenye subira, nanyi mlipie ulezi kwa jina lake. Usiende peke yako. Nadhani wako wazazi wenzio watatu au wanne walioandika barua kama hii vichwani mwao wasiipeleke popote. Zungumzeni pia juu ya saa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimetenga saa tisa unusu hadi saa kumi na moja kasorobo kwa shughuli zilizo nje ya masomo, na ikiwa mtoto ashuka basini saa kumi na mbili, yafaa kujua muda uliobaki waenda wapi. Wala msiende kama waomba hisani, kwa kuwa mapumziko na michezo ni haki ya mtoto kwa kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka uliofuata.

Tatu, sehemu ya fedha mtakazookoa itumieni kumtafuta dada mwingine wa nyumbani, au kumlipa huyo jirani ambaye, kwa jinsi ulivyomtaja, nahisi hamjampa hata shilingi. Sehemu ndogo iwapeleke Jumamosi moja kwenye Makumbusho ya Taifa, akasimame chini ya sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970. Na Jumamosi nyingine mwende Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907, akawatazame kima wakiibiana matunda. Mkirudi, msimtahini. Asiposema neno, mwacheni.

Nne, usitafute kumshinda mumeo kwa hoja. Mwombe aombe ruhusa kazini Alhamisi moja tu, amngoje binti yake nje ya mlango wa darasa la kinanda, amchukue mkono na kurudi naye nyumbani. Uso wa mtoto utamweleza mengi kuliko barua yangu, na lau utamwambia kinyume cha haya niliyoyasema, basi ufuateni huo uso mniache mimi.

Kisha, usiku atakapokuuliza tena kesho ni siku ya nini, uwe na jibu la kumpa lisilomnyamazisha: kesho ni Ijumaa, mama, basi.