Paa la Kariakoo kwa Fito na Nyuzi

Wanafunzi wakiambiwa wajenge banda la maonyesho kuhusu jengo, wengi hukimbilia gundi. Picha nne ukutani, historia ya kurasa mbili, na katoni iliyopakwa rangi katikati ya meza. Mgeni anatupa jicho, kisha anahamia banda la jirani lenye volkano ya siki. Simlaumu.

Banda zuri huanza na swali. Tuchukue Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake limeundwa kwa miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, ikikusanya mvua na kuiteremsha. Zege ni zito, na miavuli ile ni myembamba. Inasimamaje?

Anza na karatasi. Ishike kwa ukingo mmoja: inalegea na kuinama. Sasa ikunje kidogo iwe kama mfereji, uishike tena palepale. Inanyooka. Karatasi ni ileile, uzito ni uleule; kilichobadilika ni umbo. Jaribio hili liwe la kwanza bandani, na mgeni alifanye kwa mkono wake.

Sasa tujenge mwavuli wenyewe. Ni mfano uliorahisishwa, na kibao cha maelezo kiseme hivyo. Tengeneza fremu ya mraba ya fito, kila upande sentimita 60, uiweke usawa juu ya miguu minne. Katikati, sentimita 20 chini ya usawa wa fremu, simamisha kigingi kiwe nguzo. Kutoka katikati ya kila upande teremsha ufito hadi kwenye kigingi; utakuwa na urefu wa sentimita 36 hivi. Mraba umegawanyika robo nne. Katika kila robo, chagua ufito mmoja wa mteremko na upande wa fremu unaoukabili. Gawanya kila kimoja sehemu kumi sawa, kisha vuta uzi kutoka alama ya kwanza hadi ya kwanza, ya pili hadi ya pili, na kuendelea.

Hapa ndipo watu husogea karibu. Kila uzi umenyooka kabisa, lakini zote kwa pamoja zimefanya uso uliopinda. Pima katikati ya robo moja: patakuwa sentimita 5 chini ya fremu. Ndiyo maana wajenzi wa karne ya 20, kama Félix Candela huko Mexico, walilipenda umbo hili: mbao zilizonyooka zinatosha kutengeneza kalibu ya paa lililopinda.

Tazama pinde zenyewe. Ukifuata uso kutoka nguzo hadi kona ya nje, unabinuka kuelekea juu kama tao; humo zege linagandamizwa, na hilo ndilo linaloliweza. Ukikata robo kwa mshazari wa pili, uso unabonyea. Humo linavutwa, na zege likivutwa hupasuka upesi. Kazi ya kuvutwa hubebwa na nondo.

Funika nyuzi kwa kitambaa chepesi kilichochovywa katika rojo la simenti, toboa tundu pembeni mwa kigingi, weka ndoo chini. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Fremu yetu ina mita za mraba 0.36, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ingetoa lita 3.6. Mwinuko wa paa hauongezi chochote. Kinachohesabika ni eneo la kivuli chake jua likiwa utosini.

Kishawishi kitakuja: kuweka tofali juu ya mfano na kutangaza kwamba jengo ni imara. Msikubali. Ukipunguza jengo mara 20 kila upande, uwezo wa kubeba, unaofuata eneo la mkato wa nguzo, hupungua mara 400, lakini uzito hupungua mara 8,000. Mfano mdogo basi hujibeba kwa urahisi mara 20 kuliko jengo lenyewe. Unaonyesha umbo na njia ya maji kwa uaminifu. Kuhusu nguvu unajisifu. Hesabu hiyo iandikwe kwa herufi kubwa kando ya ndoo, maana mgeni mwenye akili ataiuliza.