Giaboksi ya Lori: Jinsi ya Kuchagua Inayomudu Nguvu ya Injini

SOMO LA UFUNDI

Msimu wa kuvuna miwa, lori lililokwama mlimani si hasara ya mwenyewe pekee. Muwa uliokatwa hupoteza sukari kadiri unavyochelewa kufika kiwandani, kwa hivyo mkulima wa Muhoroni, Chemelil au Kibos naye huumia. Ndivyo ilivyo pia kwa mchanga wa Nyakach, mpunga wa Ahero na bidhaa zinazotoka Kisumu kuelekea Kericho na Nairobi. Wakati mwingine injini huwa nzima kabisa. Kilichoshindwa ni giaboksi.

Tatizo hili huwapata sana wamiliki wanaoweka injini kubwa zaidi na kuacha giaboksi ya zamani, au wanaonunua giaboksi iliyotumika kwa kuangalia bei tu. Somo hili linaeleza mambo ambayo mwenye lori, dereva na fundi wanafaa kuyapima pamoja kabla pesa hazijatolewa.

Torki kwanza, farasi baadaye

Wengi huuliza lori lina nguvu za farasi ngapi. Kwa giaboksi, swali muhimu zaidi ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye injini. Hiyo ndiyo inayovunja meno ya gia na kukata shafti. Hupimwa kwa nyutoni-mita, kwa kifupi Nm.

Chukua mfano wa Howo lenye injini ya WD615.47, linalojulikana kama 371 kutokana na nguvu zake za farasi. Injini hiyo hutoa torki ya juu ya Nm 1,500, kati ya mizunguko 1,100 na 1,600 kwa dakika. Giaboksi yoyote itakayofungwa nyuma yake lazima iwe imeundwa kupokea zaidi ya Nm 1,500.

Mara nyingi uwezo huo umo ndani ya jina lililo kwenye kibati cha giaboksi. Katika HW19710 ya Howo, 19 humaanisha Nm 1,900 na 10 ni idadi ya gia za mbele. Katika giaboksi za ZF za Ujerumani, 9S1310 ina gia 9 na hupokea takriban Nm 1,300, nayo 16S2220 ina gia 16 na hupokea takriban Nm 2,200. Kwa hivyo 9S1310, hata ikiwa mpya na ya bei nafuu, haifai kwa injini ya 371. HW19710 inafaa, na inabaki na akiba ya Nm 400.

Akiba hiyo si anasa. Tairi likizunguka bure kwenye udongo mweusi wa Kano kisha likashika ghafla, mshtuko hurudi moja kwa moja kwenye gia. Dereva anayeachia klachi kwa pupa akiwa na mzigo hufanya vivyo hivyo.

Hesabu ya mlima

Giaboksi imara inaweza kupokea torki yote na bado lori likashindwa kupanda. Sababu ni pengo kati ya gia moja na nyingine.

HW19710 huanza na uwiano wa 14.28 kwenye gia ya kwanza na kuishia 1.00 kwenye ya kumi. Kila hatua ni takriban 1.34. Dereva akibadilisha gia injini ikiwa kwenye mizunguko 1,600, mizunguko hushuka hadi karibu 1,190. Hapo injini bado iko ndani ya eneo lake la nguvu, na lori linaendelea kuvuta.

Sasa fikiria giaboksi ya gia 6 inayoanza na 9.00 na kuishia 1.00, hatua zake zikilingana. Kila hatua ni karibu 1.55. Kutoka 1,600, mizunguko huanguka hadi takriban 1,030, chini ya 1,100. Injini inalemewa, moshi unazidi, na dereva analazimika kurudi gia ya chini.

Kwa anayebeba mizigo myepesi kati ya Kisumu na Ahero, penye tambarare, tofauti hiyo huenda isimsumbue. Kwa anayepanda Kericho, mji ulio zaidi ya mita 800 juu ya Kisumu, inaamua kama mzigo utafika.

Viungo vingine vilingane

Giaboksi haifanyi kazi peke yake. Kabla ya kununua, fundi athibitishe kwamba:

1. Sahani ya klachi inamudu torki ya injini, na meno yake yanaingia kwenye shafti ya giaboksi.
2. Nyumba ya klachi inakaa sawasawa kwenye injini, bila kuchonga matundu mapya.
3. Propela na difu zinaweza kupokea nguvu inayozidishwa na gia ya kwanza.
4. Kwa tipa, giaboksi ina nafasi ya kufunga pampu ya kuinua bodi.

Ukinunua iliyotumika

Fungua bolti ya kumwagia oili. Unga laini wa chuma ni wa kawaida, lakini vipande vya chuma ni dalili ya jino au beringi iliyovunjika. Shika shafti ya mbele uitikise; ikicheza sana, beringi zimechoka. Ingiza kila gia, pamoja na ya nyuma. Soma kibati mwenyewe, na kama kimeng'olewa, uliza kwa nini. Baada ya kufunga, tumia oili ya aina iliyotajwa na mtengenezaji.

Mteremko na sheria

Hakuna giaboksi inayohalalisha mzigo kupita kiasi. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2013 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na gari lenye ekseli chache hubeba chini ya hapo. Anayebadilisha injini anapaswa pia kuarifu NTSA ili rekodi za gari zirekebishwe, na magari ya kibiashara hukaguliwa kila mwaka.

Wakati wa kuteremka, giaboksi ni msaidizi wa breki. Dereva achague gia ya chini kabla mteremko haujaanza na aiache ndani. Anayeweka nyutro ili kuokoa dizeli huiondolea injini uwezo wa kulizuia lori, na breki zinabaki peke yake hadi zipate moto. Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kwenye barabara ambayo madereva wengi wa Kisumu huipita, liliua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara wakifanya biashara zao.

Kabla ya kulipia giaboksi, basi, andika mambo matatu kwenye karatasi: torki ya injini yako, uwezo ulio kwenye kibati, na mlima mkali zaidi unaoupanda ukiwa na mzigo. Mpe fundi karatasi hiyo kabla ya kuzungumzia bei.