Siku za Mapumziko Uingereza Pasipo Kiingilio

Mgeni anayefika Uingereza kwa mara ya kwanza, awe mwanafunzi au mzazi aliyekwenda kumtazama mwanawe, hutambua upesi ya kuwa fedha katika nchi ile hazikai mfukoni. Chumba ni ghali, nauli ya gari la moshi ni ghali, na hata kikombe cha chai humfanya ahesabu sarafu zake. Kwa ajili hiyo wengi hukaa chumbani siku ya Jumapili, wakidhani ya kuwa hapana mahali pa kwenda pasipo kulipa. Sivyo ilivyo. Ziko safari nyingi za kufurahisha zisizotozwa hata peni moja. Na yafaa mgeni ajue zilivyopatikana, maana milango hiyo haikufunguka yenyewe.

NYUMBA ZA MAKUMBUSHO

Nyumba mashuhuri kuliko zote ni British Museum, mjini London. Bunge lilipitisha sheria ya kuianzisha mwaka 1753, baada ya tabibu Sir Hans Sloane kufariki na kuacha mkusanyo mkubwa wa vitabu, sarafu, mimea iliyokaushwa na vitu vya kale. Fedha za kuununua zilipatikana kwa bahati nasibu. Nyumba ilifunguliwa mwaka 1759, na kiingilio hakikutozwa. Lakini bure ile ilikuwa na masharti yake: mtu alipaswa kupeleka maombi ya maandishi, kisha angoje tiketi, kisha azungushwe vyumbani mbio mbio pamoja na kikundi kidogo cha wenzake. Kibarua angepata wapi nafasi ya kufanya hayo yote? Siku hizi mlinzi hutazama mfuko wa mgeni, basi, na mgeni huingia.

Humo Mwafrika atakutana na vitu vya bara lake pia, zikiwamo kazi za shaba ambazo majeshi ya Uingereza yalizichukua katika mji wa Benin mwaka 1897, na ambazo Nigeria imedai zirudishwe. Kuzitazama hakulipiwi. Namna zilivyofika pale ni habari nyingine, na ni vema mtazamaji aijue kabla ya kuzisifu.

Si mbali na hapo iko National Gallery, nyumba ya picha, iliyoanza mwaka 1824 kwa picha 38 tu. Mwaka 1838 ilihamia Trafalgar Square, na mahali pale palichaguliwa kwa makusudi: matajiri wangeweza kufika kwa magari ya farasi kutoka magharibi ya mji, na maskini wangeweza kufika kwa miguu kutoka mashariki.

Mtu asidhani ya kuwa tangu hapo jambo lilikwisha. Mapema mwaka 1974 serikali iliamuru kiingilio kitozwe katika makumbusho ya taifa, na baada ya miezi michache amri hiyo ikafutwa. Katika miaka ya 1980 baadhi ya nyumba zilianza tena kutoza, zikiwamo ile ya elimu ya viumbe na ile ya sayansi, na watazamaji wakapungua sana. Ubishi uliendelea miaka mingi, hata tarehe 1 Desemba 2001 viingilio vya makumbusho ya taifa ya Uingereza vikaondolewa. Gharama huchukuliwa kwa sehemu kubwa na kodi. Hivyo mgeni aliyenunua jozi ya viatu dukani amekwisha kuchangia, wala hana sababu ya kuingia kwa haya.

Yampasa tu kujua mambo mawili. Maonyesho ya muda, yaliyotengwa katika vyumba vyake, mara nyingi hulipiwa. Na karibu na mlango huwa pana sanduku la michango, pengine limeandikwa kiasi kinachopendekezwa. Hicho si kiingilio. Atoaye hushukuriwa, na apitaye hazuiliwi.

NJIA ZA MIGUU

Bustani za mijini kila mtu huzijua, na hazihitaji maelezo marefu. Jambo lisilojulikana kwa wageni wengi ni njia za shambani. Mtu aliyezoea kuona ua wa seng'enge na kurudi nyuma hataamini ya kuwa njia yaweza kukatisha katikati ya malisho ya mtu, miongoni mwa kondoo wake, na mwenye shamba asiwe na ruhusa ya kuifunga. Katika Uingereza na Wales ziko zaidi ya kilomita 200,000 za njia za namna hiyo. Kibao chenye mshale wa manjano huonyesha ya kuwa njia ni ya waendao kwa miguu. Sharti ni kuifuata pasipo kupotoka, kufunga kila lango lililokutwa limefungwa, na kumfunga mbwa kamba penye mifugo.

Milima ilikuwa na shida zaidi. Kati ya miji ya Manchester na Sheffield uko mlima Kinder Scout, wenye urefu wa mita 636. Wafanyakazi wa viwandani, waliokuwa wakivuta moshi juma zima, waliuona kwa mbali wala hawakuruhusiwa kuupanda, kwa kuwa matajiri waliutunza kwa kuwinda ndege wa jamii ya kwale. Tarehe 24 Aprili 1932 watu wapatao 400, wakiongozwa na kijana aitwaye Benny Rothman, walipanda kwa makusudi, wakapambana na walinzi. Vijana sita walikamatwa, na watano wakafungwa jela kwa muda wa miezi miwili hadi sita. Walishtakiwa kwa fujo, kwa maana kukanyaga ardhi ya mtu peke yake hakukuwa kosa la jinai.

Mwaka 1949 ikatungwa sheria ya mbuga za taifa, na mwaka 1951 nchi ile ile ya milima, iitwayo Peak District, ikawa mbuga ya kwanza. Sheria ya mwaka 2000 ikawapa watu haki ya kutembea popote milimani na katika nyika zilizowekwa alama katika ramani, hata pasipo njia. Mwaka 2002, miaka sabini baada ya vijana wale kufungwa, Mtawala wa Devonshire alifika mbele ya umati akaomba radhi kwa tendo la babu yake, aliyekuwa mmoja wa wenye ardhi ile.

Atakaye kuupanda na ashuke kituo cha Edale, katika reli iendayo kutoka Manchester hadi Sheffield. Nauli italipwa, hilo halina ujanja. Achukue mkate, maji, ramani na koti la mvua hata kama kumekucha jua likiwaka, kwa maana huko juu ukungu hushuka ghafula. Mwezi wa Juni mwanga hudumu hadi baada ya saa tatu za usiku, kwa hiyo hana haja ya kuharakisha kushuka.