Madirisha ya Kompyuta na Daftari la Vipimo

Dirisha la nyumba hutiwa ukutani na fundi, wala halihami mpaka nyumba ibomolewe. Kompyuta nayo ina madirisha, lakini hayo ni ya namna nyingine. Kila kazi ifanywayo katika kompyuta huonekana juu ya kioo chake ndani ya umbo la pembe nne, na umbo hilo ndilo liitwalo dirisha. Mtu aweza kulivuta kulia au kushoto, kulipanua au kulipunguza, na kuliweka moja juu ya jingine, kama karatasi zilizo juu ya meza.

Madirisha ya kupandana hivi yalitengenezwa katika miaka ya 1970 huko Marekani, katika maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta iitwayo Macintosh, nayo ikayafikisha madirisha hayo kwa watu wengi. Mwaka uliofuata kampuni ya Microsoft ilitoa programu yake iitwayo Windows, na maana ya jina hilo ni madirisha. Lakini katika toleo lile la kwanza madirisha ya kazi yalikaa ubavu kwa ubavu tu, wala hayakuweza kupandana. Yaliweza kupandana katika toleo la pili, la mwaka 1987.

Basi dirisha liwezalo kuhamishwa laweza pia kupoteza mahali pake. Mathalani, karani wa hesabu huweka daftari la fedha upande wa kushoto wa kioo, na stakabadhi upande wa kulia, ili macho yake yapite kutoka tarakimu hii hata ile pasipo kukosea. Jioni huizima kompyuta. Asubuhi akiiwasha, hukuta dirisha moja limelifunika la pili, na jingine limekuwa dogo hata maandishi yake hayasomeki. Kama ana haraka, atasoma stakabadhi, alifunge dirisha lake, kisha aandike kwa kukumbuka tu. Hapo aweza kuandika shilingi 5,160 mahali pa shilingi 5,610, na hesabu ya watu ikaharibika kwa ajili ya dirisha lililohama.

Sababu ya jambo hili ni kwamba kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea mambo. Pa kwanza ni kumbukumbu ya kazi. Hii ni kama ubao wa darasani: huandikwa upesi na kusomwa upesi, lakini umeme ukizimwa, yote yaliyomo hufutika. Pa pili ni diski, nayo ni kama daftari la mwanafunzi: yaliyoandikwa humo hubaki hata kompyuta ikizimwa mwezi mzima. Dirisha linapovutwa, mahali pake papya hujulikana katika ubao peke yake. Kama hapana aliyeyanakili katika daftari, asubuhi kompyuta haina habari nayo.

Yapasayo kuandikwa si mengi. Kioo cha kompyuta kimejaa nukta ndogo sana zilizopangwa kwa safu, na vioo vingi vina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu wa kwenda chini. Hesabu huanza pembe ya juu, upande wa kushoto. Kwa hiyo dirisha lolote laweza kuelezwa kwa tarakimu nne tu: umbali wake kutoka kushoto, umbali wake kutoka juu, upana wake, na urefu wake. Daftari la yule karani ni 0, 0, 960 na 1,080. Stakabadhi zake ni 960, 0, 960 na 1,080. Tarakimu nane zatosha kumrudishia meza yake yote.

Ni nani aziandikaye? Mara nyingi ni programu yenyewe iliyofungua dirisha. Programu iliyotengenezwa vema huziandika tarakimu zake katika diski kabla ya kufungwa, na ikifunguliwa tena huzisoma kwanza, ndipo ionyeshe dirisha. Programu isiyofundishwa kufanya hivyo hufungua dirisha popote, kwa kipimo ilichopewa na mtengenezaji. Kwa sababu hiyo, katika kompyuta ile ile, dirisha moja hurudi mahali pake na jingine halirudi.

Hata hivyo kuandika tu hakutoshi. Ni lazima kuandika kwa akili. Kwanza, dirisha lililojaza kioo kizima liandikwe na kipimo chake cha kawaida pia, ili likipunguzwa lipate ukubwa wake wa zamani. Pili, katika Windows dirisha lililofichwa chini huhesabiwa kuwa nje kabisa ya kioo, kwenye tarakimu ya hasi 32,000. Programu ikiiandika hiyo, kesho dirisha litafunguka mahali pasipoonekana na mtu. Tatu, watu wengine huunganisha vioo viwili. Kioo cha pili kikiondolewa, dirisha lililokuwa humo halina tena mahali pa kukaa. Kwa hiyo programu yenye busara hutazama kwanza ukubwa wa kioo kilichopo, kisha huvuta dirisha ndani yake.

Mwenye kompyuta naye ana wajibu wake. Kompyuta ikizimwa kwa utaratibu, kila programu hupewa habari na nafasi ya kuandika. Umeme ukikatwa ghafula, hakuna inayopata nafasi hiyo. Tena programu nyingi zenye madirisha kadhaa hushika kipimo cha lile lililofungwa mwisho. Kwa hiyo lipangwe vema dirisha linalotakiwa, nalo lifungwe baada ya mengine yote. Katika Macintosh, tangu mwaka 2011, kompyuta inapozimwa huuliza kama madirisha yafunguliwe tena itakapowashwa. Mtu asipite swali hilo bila kulisoma. Na toleo la Windows la mwaka 2021 laweza kuyakumbuka madirisha ya kioo kilichoondolewa, na kuyarudisha kioo kile kiunganishwapo tena.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo kwa ajili ya wafanya biashara, lakini mashine nayo iko chini ya sheria hiyo hiyo. Kompyuta haisahau kwa uvivu wala kwa uzee. Husahau lile tu ambalo halikuandikwa.

Maswali

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya kumbukumbu ya kazi na diski.
2. Dirisha limeanza nukta ya 300 kutoka kushoto, na upana wake ni nukta 850. Ukingo wake wa kulia uko umbali wa nukta ngapi kutoka kushoto?
3. Dirisha limeandikwa kwamba liko nukta 2,400 kutoka kushoto, na kioo kina upana wa nukta 1,920. Kwa nini halitaonekana? Programu yapasa ifanye nini?
4. Taja jambo moja la maisha ya shuleni linaloonyesha ukweli wa methali iliyotajwa.