Jino Zima Linalocheza: Jinsi Ugonjwa wa Fizi Unavyokula Mfupa

Wananchi wengi hufika kliniki ya kinywa na meno wakiwa na ombi moja: jino linacheza, ling'olewe. Mara nyingi jino lenyewe halijatoboka. Kilichoharibika ni kile kinacholishikilia, yaani ufizi, nyuzi zinazoliunganisha na taya, na mfupa.

Chanzo ni ukoga, utando laini wa bakteria unaojijenga kila siku kwenye mpaka wa jino na ufizi. Usiposafishwa huwa mgumu na kuitwa ugaga, ambao mswaki hauwezi kuuondoa. Ufizi huvimba na kutoka damu. Hatua hiyo hutibika kabisa. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuacha kupiga mswaki mahali palipotoka damu, nikidhani napumzisha kidonda. Kumbe nilikuwa nalisha ugonjwa. Ukipuuzwa, ufizi huachana na jino na kufanya mfuko. Nafasi ya kawaida kati ya jino na ufizi huwa na kina cha milimita 1 hadi 3; kuanzia 4, hasa damu inapotoka, daktari ana sababu ya kuuchunguza mfupa.

Mfupa huo hauliwi kwa namna moja. Namna iliyozoeleka zaidi ni ya usawa: ukingo wake hupungua kwenye meno kadhaa kwa pamoja, kama maji ya bwawa wakati wa kiangazi, na meno huonekana yamerefuka. Namna ya pili ni ya wima, ambapo mfupa huchimbika kandokando ya mzizi mmoja na kuacha shimo jembamba, huku jino la jirani likiwa imara. Ajabu ni kwamba shimo hilo, likiwa bado limezungukwa na kuta za mfupa, huweza kutibiwa likajaa kwa sehemu, ilhali mfupa uliopungua kwa usawa kwa kawaida haurudi.

Magego yana balaa lake. Ya chini huwa na mizizi miwili, ya juu mitatu. Mfupa ukishuka hadi panda ya mizizi, hufunguka njia ambayo ukoga huingia na mswaki haufiki. Ndiyo maana magego hutangulia kung'oka.

Wapo pia vijana ambao mfupa wao huliwa kwa kasi kwenye magego ya kwanza na meno ya mbele, ingawa ukoga ni mchache. Wazazi wasiharakishe kuwalaumu kwa uchafu.

Mvutaji wa sigara asitegemee damu kumwonya, kwa kuwa tumbaku huificha dalili hiyo huku mfupa ukiendelea kuliwa. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa naye yumo hatarini zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba jino ling'olewe, mwombe daktari apime mifuko ya fizi na, panapowezekana, apige picha ya eksirei. Kusafishwa ugaga hadi chini ya ufizi huweza kuusimamisha ugonjwa pale ulipofikia.